Moto wa Kupekecha: Ulindi na Ulimbombo kwa Mkulima na Mfuga Nyuki

Leo sina habari ya mbolea wala ya mbegu, na dawa za wadudu nimeziacha chuoni. Nataka tuzungumze juu ya moto. Si moto wa kuchoma shamba, huo nitausema baadaye na nitausema kwa ukali. Nasema moto mdogo, ule wa kutoa kwa mikono yako miwili na vijiti viwili vikavu, kama walivyofanya babu zetu kabla kiberiti hakijaja.

Najua utacheka. Utasema, huyu Bwana Shamba amesoma chuoni miaka yote hiyo, halafu anakuja kutufundisha kupekecha moto wakati dukani kwa jirani viberiti vimejaa! Cheka tu, ndugu yangu. Hata mimi ningecheka, mpaka jioni moja nilipokuwa porini huko Sikonge, mkoani Tabora. Tangu siku hiyo sijacheka tena.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimeanza kupiga hapa na pale. Nilifuatana na wafuga nyuki wanne kwenda kukagua mizinga yao katika msitu wa miyombo, na kuvuna kidogo palipo na asali. Ni safari ya nusu siku kwa baiskeli, halafu mnaziegemeza baiskeli mtini na kwenda kwa miguu. Kiberiti kilikuwa changu, ndani ya mfuko wa shati. Wenzangu hawakubeba, kwa kuwa walijua Bwana Shamba anacho. Mmoja alikuwa na kiberiti cha gesi, lakini kijiwe chake kilikuwa kimekwisha, ukikibonyeza kinalia tu kama panzi. Basi mvua ikatukuta njiani, mvua ya saa moja hivi, ikatulowesha mpaka mifupa. Tulipofika kwenye mizinga nikatoa kile kiberiti. Njiti zilikuwa zimelainika kama tambi. Nikakwaruza ya kwanza, kichwa kikabanduka. Ya pili vile vile. Nikamaliza kiberiti kizima na hatukuona hata cheche.

Hapo ndipo nilipokosea, nami nalisema wazi ili nawe usije ukakosea. Kijana mmoja kati yetu akasema, "Mzinga ule pale una nyuki wachache, naweza kuufungua bila moshi." Mimi ndiye niliyetakiwa kusema hapana. Nilijua vizuri kabisa kwamba nyuki wetu wa Afrika hawachezewi bila moshi. Lakini nilikuwa na aibu ya kile kiberiti, nikanyamaza. Kijana akapanda. Alipogusa kifuniko tu nyuki wakamiminika, wakamfunika kichwa na mikono, akaanguka kutoka urefu wa kama watu wawili. Tukamburuta tukikimbia naye vichakani. Tulichomoa miiba mwilini mwake mpaka tukaacha kuhesabu. Uso ulivimba macho yakapotea, akaanza kutapika, pumzi ikawa nzito. Tukamfunga kwenye baiskeli kwa kamba za magome na kumsukuma usiku ule mpaka zahanati, tukafika usiku wa manane umepita. Akapona. Mganga wa pale alituambia kuwa kama mwili wake ungekuwa wa wale wasiostahimili sumu ya nyuki, tusingefika naye.

Kwanza nikueleze sababu ya moshi, maana wengine wanadhani moshi huwalewesha nyuki tu. Nyuki anapouma hutoa harufu, na harufu hiyo ndiyo tarumbeta yao ya vita. Wenzake wakiisikia wanakuja kuuma mahali pale pale. Moshi huifunika harufu hiyo isisikike vizuri. Tena nyuki wanaposikia moshi hukimbilia kujaza asali matumboni, kama watu wanaokusanya mali zao nyumba inapotaka kuungua, na nyuki aliyeshiba asali si mwepesi wa kupigana. Kwa hiyo kama huna moto huna moshi, na kama huna moshi usifungue mzinga. Rudi nyumbani. Na mtu akiumwa, ondoa miiba haraka kwa kucha, kwa kisu au kwa chochote kilicho karibu. Usikae ukitafuta njia bora, maana kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma sumu wakati wewe unafikiri.

Sasa turudi kwa yule kijana. Siku ya pili nilikwenda kwao kuomba radhi. Nikamkuta babu yake amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, anasuka kamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye Bwana Shamba uliyekuwa nao?"

"Ndiyo, babu. Nimekuja kuomba radhi."

Mzee hakunigombeza. Aliendelea kusuka kamba yake, kisha akauliza taratibu, "Mlikuwa watu watano. Mko katikati ya msitu, miti imewazunguka pande zote. Mkakosa moto?"

Ndugu zangu, swali lile liliniuma kuliko nyuki. Nikamwambia mvua ilikuwa imenyesha. Akasema, "Zamani mvua haikunyesha?" Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu chembamba chenye kizibo cha gunzi. Ndani ya kibuyu mlikuwa na vijiti viwili na donge la nyuzi za gome. Alikuwa ameviweka miaka mingi, akiwa hana wa kumpa.

Kwa Kiswahili vijiti hivyo vina majina yake, nami napenda tuyatumie yasije yakapotea. Kile kirefu kinachosimama na kuzungushwa huitwa ulindi. Kile cha chini, chenye vishimo, huitwa ulimbombo. Kazi yenyewe ni kupekecha, neno lile lile mama analolitumia anapopekecha mboga kwenye chungu. Wazee wa makabila mengi husema kijiti cha juu ni mwanamume na cha chini ni mwanamke, na moto ndio mtoto wao. Kwa Wamaasai jambo hili lina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu uhusiano kati ya rika la wazee na rika la vijana wanaowalea na kuwasimamia umepewa jina la kijiti cha moto. Na Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hupekecha moto porini ili kuwafukizia nyuki walio ndani ya mibuyu. Basi si kazi ya kishamba. Hata Misri, kaburi la mfalme Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, kati ya vitu vya dhahabu alivyozikwa navyo ilikutwa kekee ya kupekechea moto. Ona, mfalme na dhahabu yake yote, na bado aliwekewa kifaa cha moto asije akapata taabu huko aendako!

Kiberiti chenyewe si cha siku nyingi. Njiti za kuwasha kwa kukwaruza zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827, na aliyeziuza ni mtengeneza dawa mmoja aitwaye John Walker. Kabla ya hapo dunia nzima ilipika. Huku kwetu moto wa jikoni haukuachwa uzimike. Ulifukiwa kwenye jivu, asubuhi ukafukuliwa, na ukizimika mtoto alitumwa kwa jirani kupalia moto. Kupekecha kulikuwa kazi ya msafiri, mwindaji, mchungaji na mrina asali. Na wale mnaokumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, mnajua jinsi desturi ya kupalia moto ilivyorudi hata mijini.

Haya, tufanye kazi. Tuanze na miti, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Vijana wengi husikia "mti mgumu" wakatafuta mninga au mpingo. Hapana. Ulimbombo uwe wa mti mwepesi na mkavu kabisa, ambao ukiubonyeza kwa ukucha wa dole gumba unaacha alama bila ya wewe kutumia nguvu nyingi. Ulindi uwe mgumu kidogo kuliko huo, lakini kidogo tu. Ukiwa mgumu mno hutoboa bila kutoa unga, au husugua mpaka kishimo kinang'aa kama kioo na moto hauji. Mti wenye utomvu wa kunata haufai, na mti mbichi haufai hata kidogo.

Mzee alitumia tawi la mkuyu lililokauka likiwa juu ya mti kwa ulimbombo, na kijiti kilichonyooka cha mkole kwa ulindi. Baadaye nilijaribu vingine. Bua la mbarika lililokauka lilinifaa kwa ulindi, ila lina uwazi ndani na huvunjika upesi. Kwa wale walioko Tanga, Morogoro na kwingine kwenye mkonge, mnayo bahati. Ule mlingoti wa mkonge, unaochipuka mmea ukishazeeka, ukikauka ni mwepesi kama boya na hutoa unga mzuri sana. Upasue kwa urefu upate ubao bapa. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, na husemwa kwamba katika miche 1,000 iliyoagizwa iliyofika hai ni 62 tu. Alikuwa akifikiria kamba. Hakujua kwamba alituletea na ulimbombo.

Jambo moja zaidi juu ya mti: usiuokote chini. Mti ulioanguka umekunywa maji ya ardhi, hata ukionekana mkavu. Chukua tawi lililokufa likiwa bado limesimama juu. Ukilivunja lilie "pa!" kama njiti. Likijikunja, liache.

Ulindi uukate urefu wa kama sentimita 50, unene wa kidole kidogo, unyooke. Kwarua maganda na vifundo vyote, maana kifundo kimoja kitakuchana kiganja. Ncha ya chini iwe butu, usiichonge kali kama mkuki. Ulimbombo uwe na unene wa kama sentimita moja na nusu, upana wa vidole viwili hivi, urefu wa shubiri moja na nusu. Karibu na ukingo wake toboa kishimo kidogo kwa ncha ya kisu, ulindi upate mahali pa kukaa usiteleze. Kisha pekecha kidogo mpaka kishimo kipate umbo la duara na kuanza kuwa cheusi.

Hapo simama. Sasa chonga pengo ubavuni, kutoka ukingoni hadi karibu na katikati ya kishimo, pana kwa nje na jembamba kwa ndani, kama kipande cha chapati iliyokatwa sehemu nane. Pengo hili ndilo siri ya kazi yote. Nilipoanza nililidharau, nikadhani ni pambo. Unga unaosagwa unatakiwa uanguke humo, ujikusanye mahali pamoja, na upate hewa. Bila pengo unga hutawanyika kishimoni, utapekecha mpaka jua lizame na utapata moshi mtupu.

Chini ya pengo tia kitu kikavu cha kupokea unga: jani kavu gumu, kipande cha gome, au bapa la kisu kama wafanyavyo wachungaji wengi. Usiweke juu ya ardhi yenye unyevu, itakunyang'anya joto lote.

Joto hilo linatoka wapi? Sugua viganja vyako sasa hivi hapo ulipo. Umesikia? Ni jambo hilo hilo. Msuguano unasaga mti kuwa unga na wakati huo huo unauchoma unga huo. Ili uwake wenyewe, unga unahitaji joto la zaidi ya digrii 300 za Selsiasi, na maji huchemka kwenye 100. Kwa hiyo mti ukiwa na unyevu, nguvu zako zote zinakwenda kuchemsha maji yaliyo ndani ya mti, na moto haupati kitu. Ndiyo maana nakazania ukavu mpaka unanichoka.

Chuchumaa au piga goti moja, ukanyage ulimbombo kwa mguu usitikisike. Simamisha ulindi katika kishimo. Weka viganja juu kabisa ya ulindi, uanze kuuzungusha huku na huku ukitumia kiganja kizima, tangu chini ya kiganja hadi ncha za vidole, huku ukikandamiza chini kidogo. Mikono itateremka yenyewe. Ikifika chini, ishike tena juu haraka. Haraka, ndugu yangu, maana kila ukikawia joto linatoroka. Mate kidogo viganjani husaidia isiteleze.

Na hapa nikusimulie jinsi nilivyoshindwa, maana katika kushindwa nilijifunza zaidi kuliko katika maelezo ya mzee. Siku ya kwanza niliacha vijiti nje usiku, vikapata umande. Nikapata malengelenge mawili na moshi kidogo. Siku ya pili nilikata ulindi wangu mwenyewe, nikaona ule wa mzee umechakaa. Ulikuwa mgumu mno. Kishimo kiking'aa, mzee akacheka mpaka akakohoa. Akanionyesha dawa yake: chembe chache za mchanga ndani ya kishimo, ili zikwaruze ule mng'ao. Siku ya tatu kosa lilikuwa haraka. Nilianza kwa nguvu zote kama mtu anayefukuza mwizi, na moshi ulipoanza kuwa mwingi pumzi zikawa zimeniishia. Mzee akaniambia, "Wewe unapanda mlima mbio halafu unakaa kabla ya kileleni." Kumbe taratibu ni hii: anza polepole, upashe mti moto, ujaze pengo kwa unga. Nguvu zako ziwekee mwisho. Moshi ukishakuwa mzito, hapo ndipo uongeze mbio na kukandamiza.

Tazama rangi ya unga, ndiyo itakayokuambia mambo yanakwendaje. Ukiwa wa manjano au hudhurungi hafifu, joto halijatosha. Ukiwa mweusi kama kahawa iliyokaangwa sana, tena wenye nyuzinyuzi, uko karibu. Ukisimama na moshi ukaendelea kufuka kutoka kwenye unga wenyewe, si kutoka kwenye kishimo, basi mtoto amezaliwa.

Siku ya nne mtoto alizaliwa, nami nikamuua. Nilivyoona kale kakaa kadogo kanafuka nilifurahi nikapuliza kwa nguvu. Unga wote ukaruka, ukatua juu ya mguu wangu. Usifanye hivyo. Kaa hilo jipya ni laini kama unga wa mtama. Liache lifuke lenyewe kwa muda, ulipepee kwa kiganja tu, mpaka unga ushikamane na uonekane wekundu ndani. Gonga ulimbombo kidogo utoe unga ulionasa, uuinue taratibu. Una muda kuliko unavyofikiri.

Siku ya tano kijana aliyeumwa alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Uso bado umevimba, jicho moja linafunguka nusu. Alikaa akanitazama, kisha akasema, "Bwana Shamba, sogea nikusaidie." Akakaa mbele yangu. Mimi nikiteremka chini yeye anashika juu, yeye akiteremka mimi nashika juu, ulindi haukusimama hata kidogo. Sikupata kujua kwamba kazi hii ni ya watu wawili! Haikuchukua muda mrefu moshi ukatufunika. Mzee alikuwa tayari ameshika donge la nyuzi za gome mkononi, ananyoosha mkono kama anayepokea mtoto. Akalitia kaa katikati, akalikunja, akaliinua juu kidogo ya uso, akapuliza pumzi ndefu nyembamba mara tatu, nne. Likawaka. Yule kijana alipiga kelele ya furaha mpaka midomo yake iliyovimba ikapasuka.

Donge la kupokelea kaa nalo lina maarifa yake. Chukua nyuzi za gome kavu, au majani makavu ya mgomba, au nyasi kavu nyembamba, uvisugue viganjani mpaka viwe laini kama kiota cha ndege. Walioko pwani mnazo kumbi za nazi na usufi. Usufi hushika moto upesi lakini hukuponyoka upesi vile vile, uuchanganye na kitu chenye kukaa. Mavi ya ng'ombe yaliyokauka hayatoi mwali mkubwa, ila huutunza moto muda mrefu, na kwa mfuga nyuki hayo ni mali. Yatie katika bomba la moshi pamoja na nyasi mbichi kidogo upate moshi mzito na wa baridi. Usitie vitambaa vyenye mafuta wala plastiki. Asali itanuka, na mnunuzi atakurudishia ndoo yako.

Sasa lile la kusema kwa ukali. Warina asali wengi, kwa kuogopa kukosa moto, hutembea na kinga cha moto au mwenge kutoka nyumbani mpaka porini. Cheche zinadondoka njiani. Mtu ameshapita, hajui, nyuma yake nyasi zinaanza kuwaka. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huwa mkali kuliko wa mwanzo wa kiangazi. Unachoma maua ambayo nyuki wangekula, unachoma mizinga ya mwenzako, unaingia kwenye mikorosho au ghala la mtu ambaye hakujui. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya kuchoma mapori na adhabu kwa anayeyavunja, lakini mimi sikutishi kwa sheria. Nimesimama mbele ya mizinga 14 iliyoungua, mwenye mizinga amekaa chini kimya, na hakuna aliyejua cheche ilikuwa ya nani.

Ukiwa na ulindi na ulimbombo kibuyuni huna haja ya kutembea na moto. Unafika, unafyeka na kufagia mahali pa hatua mbili au tatu kila upande mpaka udongo uonekane, ndipo unapopekecha hapo hapo. Kama upepo ni mkali, acha. Ukimaliza mwagia maji, ukoroge jivu, uguse kwa mkono. Kama mkono hauvumilii, moto bado uko hai. Usifukie makaa kwa udongo mkavu ukaondoka, maana mizizi ya chini inaweza kuubeba moto ukaibuka kesho yake mahali pengine.

Je, nakuambia uache kiberiti? La, hasha. Mimi mwenyewe natembea nacho. Ila sasa nakitia njiti na kipande cha ubavu wa kukwaruzia ndani ya kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha, na kila mwenzangu ana chake. Kiberiti kimoja kwa watu watano ni sawa na kutokuwa na kiberiti. Na wakati wa masika, kusema kweli, kupekecha ni kazi ngumu. Utapata tu kama vijiti vyako vimekaa pakavu tangu nyumbani. Usitegemee kukata vijiti msituni mvua ikinyesha, hata yule mzee asingeweza. Vitie kwenye kibuyu au kipande cha mwanzi chenye kizibo, pamoja na donge lako, na juu ya jiko uvitundike kwenye moshi msipokuwa safarini. Vishimo viwili vitatu viwe vimeshachomwa tayari na mapengo yamechongwa, kwa sababu kishimo chenye weusi wa zamani hushika moto upesi kuliko kipya.

Watoto wafundisheni pia, lakini uwanjani, penye ndoo ya maji, na mtu mzima akiwepo. Si ghalani. Si karibu na banda la kuku. Nimeona watoto wa darasa la sita wakitoa kaa baada ya siku mbili tu, wakinishinda mimi niliyehangaika siku tano, kwa sababu wao walipeana zamu tangu mwanzo na hawakuona aibu.

Yule mzee bado anasuka kamba zake chini ya mwembe. Kibuyu sasa kiko kwa mjukuu wake, na mjukuu ameongeza ulimbombo wa mlingoti wa mkonge alioupata kutoka kwa dereva wa lori. Anasema unashinda mkuyu. Babu anasema haushindi. Mimi nimewaachia wenyewe.

Ningependa kujua wewe huko kwako mnatumia mti gani. Mtaalamu haijui miti yote, na jina la mti hubadilika kila ukivuka mto. Muulize mzee wa kwenu, au bibi, maana wako kina bibi wanaoijua kazi hii vizuri. Andika jina la mti kwa lugha ya kwenu, useme ni wa ulindi au wa ulimbombo, na kama unaweza ufunge jani moja lililokauka ndani ya barua, uilete kwenye kipindi. Nitavijaribu vyote mimi mwenyewe kwa mikono hii, nami nitawaambia vilivyowaka na vilivyonitia malengelenge. Kwa leo naishia hapa. Kwa herini, ndugu wakulima.